Acheni kuufuta mhogo kwenye picha za magofu

Jamani hili naomba niliseme leo maana nimechoka kulijibu inbox. Kila anayenitumia picha za nyumba zilizoachwa huko vijijini anataka nimsifie jinsi alivyoisafisha fremu. Kamba ya nguo kaifuta, shamba la mhogo lililofika mpaka ukutani kalikata, waya wa umeme kauondoa kwa simu, mbuzi hayupo, anga kalikoleza mpaka basi, halafu yote kaigeuza blaki endi waiti. Ukimuuliza kwa nini anakwambia gofu lazima lionekane limetelekezwa, ndo hadithi yenyewe hiyo. Hapana! Hiyo ni huzuni ya jumla jumla tu, unaweza kuibandika kwenye ukuta wowote ule, hainiambii nani aliishi pale wala kwa nini hayupo.

Hadithi ya jengo lililoachwa ni nani alikuwa akilitumia na nini kikaja baadaye, na majibu mengi yako pembeni ya jengo, hapohapo mnapokata picha.

Chukua mashamba ya zamani ya mkonge. Ukitoka hapa Dar ukafuata njia ya Morogoro mpaka maeneo ya Ngerengere na Kimamba, au ukaelekea mkoa wa Tanga, maeneo ya Muheza na Korogwe, unaingia nchi ya mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kufika miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna aliyetufikia duniani. Zikaja nyuzi za plastiki bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, mengine yakafa kabisa. Sasa ukifika kwenye shamba la namna hiyo utakuta mara nyingi nyumba ya meneja iko juu kilimani ina varanda pana, korona, yaani kiwanda cha kukamua nyuzi, iko chini karibu na maji kwa sababu kusindika mkonge kunakunywa maji mengi, na kambi za manamba, wale vibarua wa mkataba, zimepangwa mistari, vyumba vidogo vidogo vimeshikana. Na kila mpiga picha anafanya kitu kilekile, anaisogelea nyumba ya meneja na lensi ya milimita 16, ile pana sana, anapiga matao, anaondoka.

Mimi nasema geuka. Ingia barazani pa meneja, simama pale alipokuwa anaweka kiti chake, acha nguzo mbili za varanda zishike kingo za fremu, halafu tazama chini kwenye kambi. Picha hiyo moja inaonyesha nani alikuwa anamwangalia nani. Lensi ya 35 inatosha kabisa, apacha (tundu la lensi) liwe dogo, f/11, ili nguzo na kambi vyote visomeke. Hiyo 16 mnayoipenda inazisukuma kambi mbali mpaka zinakuwa vitone, na ukienda upande wa pili ukarudi nyuma sana na lensi ya 200 ukapiga kutoka chini, unaivuta nyumba ya meneja mpaka inaonekana kama alikuwa jirani wa manamba, kitu ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo umbali unaouchagua ni maelezo tayari, siyo ladha tu. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu megapikseli halafu hili hawaligusi, inaniuma kweli.

Na ule mhogo sasa. Mhogo unaolimwa hadi kwenye msingi wa jengo unasema ardhi ilipata watu wengine, waliona kuta hazina faida ila udongo unayo. Ukiufuta umefuta nusu ya pili ya hadithi. Miembe vilevile! Kuna sehemu utakuta miembe mikubwa imesimama kwa mpangilio katikati ya pori, hakuna nyumba hata moja, watu wanapita tu wakitafuta gofu. Gofu ndo hilo. Nyumba ya fito na udongo ikishakosa paa, mvua za masika zikiipiga misimu michache inabaki kichuguu, lakini mwembe unabaki. Watu wengi walihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya kwenye vijiji vya pamoja, kati ya 1973 na 1976 na nyumba zao ziliishia hivyohivyo. Siwezi kuapa kwamba kila safu ya miembe ni ya wakati ule, ulizeni wazee wa pale, lakini pigeni hiyo miembe, na muiache nafasi tupu iliyo katikati ionekane tupu.

Sogea na karibu pia, ila sogea ukiwa na swali. Je, jengo limeoza au limebomolewa? Mabati hayapotei yenyewe. Ukiona kenchi, zile mbao za paa, bado zipo, zina matundu ya misumari kwa mstari na hakuna bati hata kipande, basi kuna mtu alipanda akaezua kwa utulivu. Fremu ya mlango iliyong'olewa inaacha kovu safi kwenye plasta, iliyoliwa na mchwa inaacha vumbi na vipande. Huku pwani kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, tafuta safu ya mashimo yaliyolingana kimo, pale ndo zilipokaa boriti za mikoko zilizobeba ghorofa. Boriti hizo hazizidi mita tatu hivi, ndo maana vyumba vya zamani ni vyembamba. Ukipiga ukuta mmoja tu chumba hakionekani, pata kuta mbili zinazotazamana na mashimo ya pande zote.

Mwanga sina mengi, huku kwetu jua linapanda haraka, saa tatu asubuhi umeshachelewa kupata kivuli cha plasta. Nenda mwisho wa kiangazi nyasi zikiwa chini, misingi inaonekana. Mwone mwenyekiti wa kitongoji kwanza. Nyuki na nyoka wapo, piga kelele kabla hujaingia.

Kuna mawili ambayo hata mimi bado nahangaika nayo. La kwanza ni zile programu za kunyoosha mistari ya wima. Ukiinua kamera ukuta unaonekana unaanguka nyuma, sawa, unanyoosha. Lakini kama ukuta wenyewe umeegama kweli? Programu inaunyoosha na wenyewe, umeshalikarabati jengo kwenye simu. Mimi nashika kamera sawa toka mwanzo, bila kuiinua wala kuiinamisha, na kuweka kitu kilichosimama sawa ndani ya fremu, hata nguzo ya umeme ile mnayoifuta, ili mtazamaji apate cha kulinganishia, lakini kuna magofu ambayo hayana kitu kama hicho na hapo nakisia tu. La pili ni majina ya sehemu. Picha bila maelezo haiwezi kusema bei ya mkonge iliporomoka, lazima uandike, na ukiandika kijiji unaweza kuwaelekeza wanaotafuta milango ya kung'oa. Kwa sasa naandika wilaya tu, kijiji nawaambia wanaoniuliza nikijua wanataka kufanya nini nacho.