Kabla ya kuuza hisa za biashara ya kijamii, angalia mzani

Vikundi vinavyokamua alizeti Kongwa au kulima zabibu Hombolo huniuliza soko la hisa la kijamii, yaani soko la kutafutia fedha za miradi yenye manufaa kwa jamii, litawapa kiasi gani. Mimi huanza na swali jingine: mnataka fedha ya aina gani?

Tazama India, ambako kanuni za soko hilo zilitoka 2022. Shirika lisilogawana faida huuza hati isiyo na riba na isiyorudisha mtaji. Mnunuzi anakuwa amechangia. Kinachomrudia ni taarifa ya mwaka ya matokeo, iliyopitiwa na mkaguzi wa athari za kijamii. Michango isipofika kiwango cha chini kinachotakiwa cha kiasi kilichotangazwa, hela zinarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo kutaja kiasi kikubwa ili kuvutia watu kunaweza kukunyima hata kile kidogo.

Hapa kwetu Tanzania anza na cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni. Kampuni yenye ukomo wa dhamana, ambayo wanachama huahidi tu kuchangia kiasi fulani ikifungwa na haina mtaji wa hisa, haina hisa za kuuza. Usiwaahidi wana-VICOBA, wenzako wa kikundi cha kuweka na kukopa, kitu ambacho hakipo. Kampuni binafsi ya hisa nayo, kwa Sheria ya Kampuni ya 2002, haizidi wanachama 50 ukiacha wafanyakazi, na hairuhusiwi kualika umma. Ukitaka umma, geuza kampuni kuwa ya umma, andaa waraka wa matarajio (maelezo ya kampuni na hisa kwa wanunuzi) uidhinishwe na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kisha tafuta mshauri mteule akupeleke EGM, dirisha la kampuni zinazokua pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Hatifungani, yaani kukopa kwa umma kwa hati inayolipa riba? Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, walipotoa ya kwao 2024, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, walikuwa na bili za maji za kila mwezi. Mkamuaji hununua mbegu za alizeti kwa pupa msimu wa mavuno. Riba ya nusu mwaka ikiangukia wakati ghala ni tupu, utakopa ili ulipe deni.

Wengi hukwama kwenye kupima athari. "Wakulima 400 wamenufaika" si kipimo. Siku ya kununua, andika kilo zilizosomwa kwenye mzani, bei uliyolipa, na bei ya mlanguzi siku hiyohiyo. Tuseme umelipa shilingi 1,000 kwa kilo, yeye anatoa 900. Kaya iliyouza magunia 10 ya kilo 60 imepata nyongeza ya 60,000. Lakini mlanguzi alifuata mzigo shambani, na kuleta kwako mkulima amelipa guta (baiskeli ya mizigo) 2,000 kwa gunia. Nyongeza halisi ni 40,000. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha mwekezaji, hata kama ni ndogo, kwa sababu inasimama mbele ya mkaguzi.

Angalia pia mume na mke walioandikishwa kila mmoja kama kaya. Hapo idadi inavimba bure. Na ruzuku ya mfadhili ikiingizwa kwenye mauzo, mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ataitoa, na faida uliyotangaza inaweza kugeuka hasara.

Takwimu za mwanzo, yaani ekari, kilo na bei ya msimu uliopita, zikusanywe kabla gunia la kwanza halijapanda mzani. Ukisubiri msimu uishe, mkulima atakutajia bei anayoikumbuka, na mara nyingi hiyo ni bei ya siku mbaya kuliko zote.