Mionzi na dawa kwa pamoja dhidi ya uvimbe adimu wa ubongo

Oligodendroglioma ni uvimbe adimu wa ubongo unaowapata zaidi watu wazima, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni degedege linalomshika mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Upasuaji huondoa kile kinachoweza kuondolewa bila kudhuru usemi au mwendo, lakini kwa kuwa seli zake hupenya katikati ya tishu zenye afya, daktari mpasuaji hawezi kuzimaliza zote. Zinazobaki ndizo tunazozifuata kwa mionzi na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za uvimbe.

Zamani mionzi ilitolewa peke yake. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani na wa Ulaya, kila upande kwa utaratibu wake, waliwagawa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa mkali katika makundi mawili: kundi moja likapata mionzi tu, la pili likapata mionzi pamoja na mseto wa prokabazini, lomustini na vinkristini. Matokeo ya mwaka 2006 yalivunja moyo, kwani dawa zilichelewesha uvimbe kukua tena ila hazikuonekana kurefusha maisha. Laiti ufuatiliaji ungeishia hapo, tungeitupa tiba njema. Mwaka 2013 picha ilibadilika kabisa: miongoni mwa wagonjwa wa utafiti wa Marekani ambao seli za uvimbe wao zilikuwa zimepoteza mkono mfupi wa kromosomu ya 1 na mkono mrefu wa kromosomu ya 19 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba), nusu ya waliopata tiba zote mbili waliishi zaidi ya miaka 14.7, ilhali kwa waliopata mionzi tu kiwango hicho kilikuwa miaka 7.3.

Kwa hiyo, mgonjwa anayo haki ya kuuliza kama kipande cha uvimbe wake kimepimwa vinasaba. Kipimo hicho si cha ziada. Ndicho kinachothibitisha jina la ugonjwa na kuongoza uchaguzi wa tiba.

Kabla ya mionzi, bamba la plastiki lililolainishwa kwa maji ya moto hulazwa juu ya uso wa mgonjwa, nalo hupoa na kuwa gumu baada ya dakika chache likiwa limefuata umbo la pua, paji na kidevu chake. Barakoa hiyo hufungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee, na wengi huiogopa kuliko mionzi yenyewe, ambayo haiumi. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa takribani wiki 6.

Dawa zina madhara yake. Vinkristini huweza kuleta ganzi ya vidole, na anayetumia prokabazini huagizwa kuepuka pombe na jibini iliyokomaa, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Lomustini ndiyo inayohadaa: chembe za damu hushuka wiki 4 hadi 6 baada ya kuimeza, wakati mgonjwa anajiona mzima na anataka kuahirisha kupima damu. Homa ikifika nyuzi 38 katika kipindi hicho, afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.