Methali za Kichina kuhusu binadamu: tunazosambaza na ukweli wenyewe

Kwenye magrupu ya WhatsApp kila asubuhi hakosi mtu wa kurusha picha ya mzee mwenye ndevu ndefu, chini imeandikwa "methali ya Kichina", watu wanajibu amina na kuweka status. Mi haya mambo nayapenda sana ndo maana inaniuma tukibeba ya uongo tukaacha yale matamu yenyewe.

Dhana: Wachina wanaamini binadamu huzaliwa mwema.

Ukweli: msemo upo, "Ren zhi chu, xing ben shan", mtu anapozaliwa asili yake ni njema. Ni mstari wa kwanza wa Sanzijing, kitabu cha watoto cha karne ya 13 kilichopangwa maneno matatu matatu ili mtoto akariri, na kwa karne nyingi watoto wa China walianzia hapo. Wazo lenyewe lakini ni la Mencius, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo, naye hoja yake ni hii: mtu yeyote akiona ghafla katoto kanataka kutumbukia kisimani moyo unamlipuka palepale, hajafikiria kujipendekeza kwa wazazi wa hako katoto wala kusifiwa na majirani, ule mshtuko tu ndo mbegu ya wema. Hoja kali sana hii, mpaka leo sijaona wa kuivunja kirahisi.

Ila alikuja Xunzi, karne ya 3 kabla ya Kristo, naye mfuasi wa Confucius (yule mwalimu mkuu wa kale wa China) kama Mencius, akasema hapana, asili ya mtu ni mbaya na wema unatengenezwa, kama mti uliopinda haunyooki mpaka upigwe mvuke na ubanwe. Ukisikia hivyo unadhani alishakata tamaa na watu, kumbe ndo huyohuyo aliyeandika kwamba mtu yeyote wa barabarani anaweza kuwa kama Yu, yule mfalme mwema wa kale! Kwa hiyo ukisema "Wachina wanaamini" jiulize kwanza Mchina yupi, maana wamebishana hapo zaidi ya miaka elfu mbili.

Dhana: Confucius ndo alisema mtu ni mwema.

Ukweli: kwenye Analects, kitabu cha maneno yake, yeye alisema tu kwamba kwa asili watu wanakaribiana, mazoea ndo yanawaweka mbali. Basi. Hata mwanafunzi wake Zigong analalamika humohumo kwamba hawapati kumsikia mwalimu akizungumzia asili ya mtu.

Dhana: Confucius alisema anayekwenda kulipiza kisasi achimbe makaburi mawili, la adui na lake mwenyewe.

Ukweli: kwenye Analects haimo. Kilichomo ni kwamba mtu alimuuliza, vipi nikilipa ubaya kwa wema? Naye akamrudishia swali, sasa wema utaulipa kwa nini? Lipa ubaya kwa haki, wema kwa wema. Sisi tumezoea kuambiwa tusamehe tu yaishe, na mi naona jibu lake linamheshimu zaidi yule aliyekutendea mema, asije akalingana na aliyekuumiza.

Ile ya mpe mtu samaki, mfundishe kuvua, nayo kila semina inaitwa ya Kichina, wakati maneno yanayofanana nayo yamo kwenye riwaya ya Mwingereza Anne Thackeray Ritchie ya mwaka 1885.

Dhana: kuna laana ya Kichina, "uishi nyakati zenye mambo", yaani zenye misukosuko.

Ukweli: Robert Kennedy, seneta wa Marekani, aliitaja akiwa Cape Town tarehe 6 Juni 1966, akaiita ya Kichina, na watu wakaibeba hivyohivyo, ila kwenye Kichina chenyewe wameitafuta hawajaiona. Msemo unaokaribiana nayo upo kwenye hadithi za mwandishi Mchina Feng Menglong za 1627: afadhali kuwa mbwa wakati wa amani kuliko mtu wakati wa machafuko. Na huo si laana hata kidogo, ni kilio cha watu waliokimbia makwao, mtu wa Kivu au Burundi akiusoma hahitaji kufafanuliwa.