Je, wajua kwa nini mkojo huwa safi wakati sukari imeshaanza kupanda?

Wengi huamini kwamba sisimizi wasipokusanyika mahali ulipokojoa, huna sukari. Imani hiyo ina ndugu yake wa kisasa: stripi ya zahanati, kile kikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo, ikibaki na rangi yake ya mwanzo, mtu anaenda zake akiwa ametulia. Zote mbili zimeshika nusu ya ukweli. Sukari nyingi ikionekana kwenye mkojo, kuna jambo la kuchunguza. Isipoonekana, hujaambiwa lolote la maana.

Sababu iko kwenye namna figo inavyofanya kazi. Figo haichambui uchafu mmoja mmoja kutoka kwenye damu. Huchuja nje takriban lita 180 za maji kwa siku, pamoja na karibu kila kilicho kidogo, kisha hurudisha kinachofaa. Mtu mwenye sukari ya kawaida ya damu ya 5 mmol/L (milimoli kwa lita) humwaga gramu 160 hivi za sukari kila siku na kuirudisha karibu yote.

Fikiria duka la jumla karibu na soko la Kibuye, Kisumu, ambalo mwenyewe hufanya usafi kwa kutupa bidhaa zote uani, kisha wapagazi hurudisha ndani magunia ya sukari. Wengi wao wako karibu na mlango na hubeba sehemu tisa kati ya kumi. Wachache wanangoja kwenye geti kuokota yaliyowapita wenzao. Magunia yakiwa hamsini, yote yanarudi. Yakiwa themanini yanarudi pia, ila wapagazi wanatoka jasho. Mpita njia anayechungulia ua siku hizo mbili anaona patupu vilevile. Gunia la kwanza hulala nje siku uwezo wa wapagazi unapopitwa, si kabla. Wapagazi hao ni protini za kwenye mirija ya figo, na kwa watu wengi huzidiwa sukari ya damu ikifika 10 mmol/L hivi. Kwa baadhi ya wajawazito kiwango hicho hushuka. Kwa wazee na waliokaa na kisukari muda mrefu huweza kupanda. Na kuna dawa za kisukari, kama empagliflozin, zinazowasimamisha wapagazi makusudi: hapo mkojo hujaa sukari hata damu ikiwa sawa.

Sasa linganisha na sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa dalili zinazoashiria hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo, ambayo hutajwa mtu akitimiza vigezo vitatu kati ya vitano: kiuno kipana (kwa Waafrika, sm 94 kwenda juu kwa mwanamume, sm 80 kwa mwanamke), presha ya kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula ya kuanzia 5.6 mmol/L, trigliseridi (mafuta ya damuni) za kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri iliyo chini ya 1.0 kwa wanaume au 1.3 kwa wanawake. Kati ya sukari ya 5.6 na 10 pana nafasi ya mtu kukaa miaka mkojo ukiwa safi. Mafuta ndiyo hayaonekani kabisa kwenye mkojo, kwa kuwa husafiri damuni ndani ya chembe kubwa zisizopenya chujio la figo.

Kwa nini basi watafiti bado wanaung'ang'ania mkojo? Hauhitaji sindano, na mtu hutoa mwingi bila kulalamika. Kinachowindwa zaidi ni albumini, protini inayoanza kuvuja chujio likiumia. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani liliiweka kati ya vigezo vya sindromu hii. Fasili ya 2009 iliyokubaliwa kwa pamoja na mashirika kadhaa haina kigezo hicho. Stripi ya kawaida haioni uvujaji mdogo, kwa hiyo maabara hugawanya albumini kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ili kuondoa athari ya maji aliyokunywa mtu. Albumini ya mg 24 kwa lita, kreatinini ikiwa 12 mmol/L, hutoa 2 (mg kwa mmol), na hiyo ni kawaida. Albumini ileile kwa kreatinini ya 4 hutoa 6, na kuanzia 3 ni tatizo, mradi sampuli mbili kati ya tatu ndani ya miezi mitatu hadi sita zikubaliane. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Homa, mbio ndefu za jana, hedhi na maambukizi ya njia ya mkojo huharibu jibu; kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ongeza kichocho cha kibofu, ambacho huleta damu na protini bila kuuliza kiuno chako. Sampuli za kuhifadhiwa ziwekwe kwenye nyuzi -80, kwani kwenye -20 albumini hupungua.

Kitu kingine kinachotafutwa kwenye mkojo, hipureti, ni cha ajabu zaidi. Bakteria wa utumbo huvunja kemikali za mimea, ini humalizia kazi, na hipureti hutoka kwenye mkojo. Huelekea kuwa chini kwa wenye unene uliopitiliza. Lakini chai huipandisha, na sodiamu benzoeti inayohifadhi baadhi ya soda hugeuka kuwa hipureti ileile. Mchuma chai wa Nandi Hills na kijana wa Kondele anayeshindia soda wanaweza kusomeka sawa.

Mtego mkubwa kuliko huo ni dawa. Metformin, dawa ya kisukari, hutoka kwenye mkojo bila kubadilika, na mashine nyeti huiona waziwazi. Ukilinganisha wagonjwa wa kliniki na watu wenye afya njema, kompyuta itatenganisha makundi hayo vizuri mno, lakini itakuwa imegundua tembe, si ugonjwa. Ndiyo maana washiriki wanaofaa ni wale ambao hawajaanza dawa, au alama za dawa zifutwe kwanza kwenye data kabla ya kulinganisha chochote.