Tangazo la Lincoln halikukomesha utumwa Marekani

Ukisahihisha mitihani ya historia, sentensi ni ile ile mwaka hadi mwaka: “Mwaka 1863 Abraham Lincoln alikomesha utumwa Marekani.” Si kweli. Anayeiandika hajawahi kulifungua Tangazo la Ukombozi, hati ambayo Rais Lincoln alitangaza nayo uhuru wa watumwa wa maeneo yaliyoasi, nalo ni kurasa 5 tu za mwandiko wa mkono.

Lifungue ulisome. Lincoln anayataja majimbo 10 yaliyoasi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, halafu anaanza kuondoa baadhi ya maeneo: Louisiana, isipokuwa wilaya 13, anazitaja moja moja, New Orleans ikiwemo. Virginia, isipokuwa kaunti 48 zilizokuwa zinajitenga kuwa West Virginia, na nyingine 7. Tennessee haimo kabisa. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo ya utumwa ambayo hayakuasi, hayakuguswa.

Kwa nini? Hapo ndipo uwakili wake unapoonekana. Kwa Katiba ya wakati ule, rais hakuwa na uwezo wa kufuta utumwa ndani ya jimbo. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu: adui anategemea watumwa kulima na kuchimba mahandaki, basi mnyang'anye nguvu hiyo. Hoja hiyo husimama penye uasi tu. Angeigusa Kentucky, tangazo lingeweza kubatilishwa mahakamani, na Jaji Mkuu alikuwa bado Roger Taney, yule wa hukumu ya Dred Scott ya 1857, iliyosema Weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani. Ndiyo maana lugha ya tangazo ni kavu kama hati ya mauziano ya shamba.

Wengine huruka upande wa pili wakadai tangazo halikumkomboa mtu yeyote. Nalo ni kosa. Visiwa vya pwani ya South Carolina vilikuwa mikononi mwa jeshi la serikali tangu Novemba 1861 na havikuondolewa kwenye orodha, hivyo maelfu walipata uhuru siku ile ile ya 1 Januari. Isitoshe, lilifungua milango ya jeshi kwa Weusi: takriban 180,000 walipigana.

Kilichokomesha utumwa ni Marekebisho ya 13 ya Katiba. Seneti ilipitisha kwa kura 38 dhidi ya 6, Aprili 1864. Baraza la Wawakilishi kwa 119 dhidi ya 56, 31 Januari 1865. Georgia, jimbo la 27, iliridhia 6 Desemba 1865, miezi karibu 8 baada ya Lincoln kuuawa. Hadi siku hiyo, Kentucky na Delaware watu walikuwa bado wanamilikiwa kisheria. Andika 1863 kwa tangazo, 1865 kwa kukomeshwa, na usiichanganye tena.

Kuna na madai mengine matatu kumhusu Lincoln yasiyo kweli. “Alishindwa kila uchaguzi kabla ya urais.” Alichaguliwa mara 4 mfululizo katika bunge la Illinois kuanzia 1834.

“Alikuwa wakili maskini wa kijijini.” Aliitetea kampuni ya reli ya Illinois Central katika kesi ya kodi, akashinda 1856. Ilipogoma kumlipa ada ya dola 5,000, aliishtaki akalipwa.

“Daima aliwatetea watumwa.” Mwaka 1841 alishinda kesi iliyothibitisha uhuru wa Nance, mwanamke Mweusi. Mwaka 1847 akasimama upande wa Robert Matson wa Kentucky, aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake kama watumwa wake. Alishindwa kesi hiyo. Jane na wanawe wakatoka huru.