Kudumisha wateja: nini kinamrudisha mla chipsi

Kudumisha wateja ni kazi ya kumfanya mtu aliyekwisha kununua kwako arudi tena na tena. Usiichanganye na kutafuta wateja. Bango, spika na ofa ya ufunguzi huleta watu siku ya kwanza. Siku ya pili wanaletwa na mengine kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kibanda cha chipsi hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi umeanza na wateja 40 wa kawaida, umeisha na 45, na 15 kati yao ni wapya. Toa wapya, wanabaki 30. 30 kwa 40 ni asilimia 75. Mwenye kibanda akiitazama ile 45 peke yake atafurahi, kumbe watu 10 wamemkimbia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwenye chakula cha haraka kazi hii ni ngumu, maana mteja ana njaa sasa hivi na kibanda kingine kiko ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo kabla ya punguzo lolote, chipsi za Jumanne zifanane na za Jumamosi. Ray Kroc, aliyefungua mgahawa wake wa kwanza wa McDonald's mwaka 1955, aling'ang'ania hilo: ladha ile ile, usafi ule ule, popote uendapo.

Zawadi zinafuata baadaye, na zina mitego yake. Subway, kampuni ya migahawa ya sandwichi kule Marekani, ilikuwa na kadi za stempu: ukinunua unapewa stempu, ukijaza kadi unakula bure. Iliziacha mwaka 2005 kwa sababu ya stempu bandia. Siku hizi migahawa mikubwa inahesabu pointi kwenye programu ya simu, ambayo pia inakumbuka unachopenda kuagiza.

Kijana anayenikaangia mimi anakumbuka kwa kichwa. Akiniona navuka barabara, viazi vimeshaingia kwenye karai. Kachumbari pembeni, pilipili kwenye kifuko. Ila kuna jioni moja zilikuja zimelegea.

"Kaka, hizi zimenywa mafuta."

Alizionja moja. "Kweli dada, samahani. Nipe dakika tano."

Akazimwaga, akachochea mkaa, akasubiri mafuta yapate moto sawasawa, akakaanga upya. Juu akaweka mshikaki mmoja ambao sikuulipia. Mwaka wa tatu huu, bado nakula kwake.