Je, wajua kwa nini nyongeza ya mshahara humtia hofu mama anayepokea msaada Marekani?

Chukua mama anayelea watoto wawili peke yake, keshia wa supamaketi. Bosi anamwambia kuanzia mwezi ujao ataongezewa masaa ya kazi, nyongeza ya dola 100 kwa mwezi. Mama anaomba siku mbili afikirie. Bosi anamwona mvivu. Wala! Anapiga hesabu.

Kwanza zinakatwa dola 7.65 za hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Halafu kuna SNAP, msaada wa chakula unaoingizwa kwenye kadi. Huko asilimia 20 ya mshahara haihesabiwi, lakini kila dola inayobaki hupunguza msaada kwa senti 30. Hapo 24 zimekwenda. Kama ana vocha ya serikali ya kodi ya nyumba, yeye huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, basi 30 nyingine ni za mwenye nyumba. Katika 100, anabaki na 38 na senti kadhaa, na bado hajalipa nauli. (Kiasi hutofautiana kidogo kwa kila familia, maana SNAP hutazama pia gharama za nyumba.)

Hakuna afisa aliyekaa akapanga kumnyang'anya 62. Kila mpango una sheria yake, fomu zake na kikomo chake, na kila mmoja unapunguza kidogo kana kwamba ni wenyewe tu unaopunguza. Makato yanakutana mfukoni mwa mama.

Tuwe wa haki: si kweli kwamba kazi hailipi. Anayetoka kwenye kutofanya kazi kabisa hurudishiwa fedha kupitia kodi ya mapato, hadi senti 40 kwa kila dola anayochuma akiwa na watoto wawili. Balaa liko katikati, pale mshahara unapoanza kupanda na msaada unapoanza kuondoka.

Na upo msaada usiopungua bali hukatika. Bima ya afya ya Medicaid, katika majimbo yaliyoipanua ili ichukue watu zaidi, mtu mzima huipata kipato chake kikiwa hadi asilimia 138 ya kipimo cha umaskini. Texas haikuipanua, na huko mzazi anaweza kutolewa akiwa bado fukara, ingawa watoto wake kwa kawaida hubaki na bima. Msaada wa kulipia kituo cha kulea watoto nao una kikomo. Sheria ya 2014 ililainisha hapo: familia ikikubaliwa huhakikishiwa miezi 12, isipokuwa kipato kikipanda mno. Lakini zamu ya supamaketi ikiisha saa nne usiku na kituo kimefungwa tangu jioni, hata huo msaada haumfai kitu.

Msukumo wa kwenda kazini wenyewe ulitiwa nguvu mwaka 1996, Rais Bill Clinton aliposaini sheria iliyoleta TANF, msaada wa fedha taslimu. Mzazi anayelea peke yake hutakiwa masaa 30 ya kazi kwa wiki, au 20 akiwa na mtoto wa chini ya miaka 6, na fedha za serikali kuu zina ukomo wa miezi 60 maishani. Wapokeaji walipungua sana ndani ya miaka michache. Wengi walipata kazi kweli, ila ni za mshahara mdogo na ratiba inayobadilika kila wiki. Wakongomani wanaosema Kiswahili waliopelekwa huko kama wakimbizi nao hukutana na ratiba hizo hizo.

Kinachomtisha zaidi keshia wetu ni kurudi nyuma. Kipato kikipanda hadi vocha isilipe chochote kwa siku 180, vocha hufutwa. Akiachishwa kazi mwezi unaofuata, anaanza foleni upya, na katika miji mingi foleni hiyo ni ya miaka, au orodha imefungwa kabisa. Miezi ya TANF aliyokwisha kuitumia nayo hairudi.